Samaki Wanaanza Kufa

Programu inauliza maswali matano tu. Maji ni ya aina gani: bwawa kubwa, ziwa kubwa, mto wa polepole au mto wa kasi? Yana joto kiasi gani? Uchafu unaomwagwa ni wa viwandani au ni majitaka ya majumbani? Unamwagwa kiasi gani kwa siku? Na je, unasafishwa kwanza au unaachwa uende kama ulivyo? Ukishajibu, mashine inakaa kimya kidogo, kisha inaanza kuchapa. Herufi O ni oksijeni, herufi W ni uchafu, siku baada ya siku, zikiteremka kwenye karatasi kama nyayo za watu wawili walioachana njiani. Oksijeni ikishuka chini ya sehemu tano kwa milioni, inachapa sentensi moja kavu ya kukuarifu kwamba baada ya siku fulani samaki wanaanza kufa, pamoja na sababu yake.

Jina lake ni POLUT. Ni moja ya programu zilizotoka katika Mradi wa Kompyuta wa Huntington, ulioanza mwaka 1968 katika Polytechnic Institute of Brooklyn, New York, chini ya mhandisi Ludwig Braun, kwa fedha za National Science Foundation ya Marekani. Wakati huo lugha ya BASIC ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Ilibuniwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth na John Kemeny na Thomas Kurtz, walimu wawili wa hisabati waliotaka hata mwanafunzi wa fasihi aweze kuiamuru kompyuta. Mradi wa Huntington uliichukua lugha hiyo ukaipeleka sekondari. Kila programu ilikuja na vitabu vidogo vitatu: cha mwanafunzi, cha mwalimu, na cha maelezo ya ziada kwa yule atakayetaka kujua hesabu zilizo ndani. Msambazaji alikuwa kampuni ya Digital Equipment Corporation, ambayo bila shaka ilijua kwamba shule ikizipenda programu itatafuta na kompyuta za kuziendeshea.

Tusifikirie kioo chenye rangi. Kompyuta yenyewe mara nyingi ilikuwa mbali, pengine mji mwingine, na shule iliunganishwa nayo kwa waya wa simu. Kilichokuwa darasani ni teletaipu, taipureta nzito yenye bobini la karatasi mgongoni, inayochapa herufi kubwa tupu, kumi kwa sekunde, kwa kelele ya cherehani iliyolegea. Grafu ya siku ishirini ilihitaji muda. Wanafunzi walisimama kuizunguka wakitazama karatasi ikipanda mstari kwa mstari, na nadhani uzuri wake ulikuwa hapo: mto ulikufa polepole kiasi cha mtu kuweza kubishana na mwenzake kama utapona.

Nimeiendesha POLUT mwenyewe, miaka zaidi ya hamsini baadaye, kwenye kompyuta ya mkononi inayojifanya mashine ya zamani. Haina kelele na inamaliza kabla sijainua kidole. Nilijaza ziwa kubwa, nikaweka joto la Mwanza, nikamwaga majitaka yasiyosafishwa. Samaki walianza kufa haraka. Nikabadilisha nikaweka usafishaji wa hatua mbili, wakapona. Nikakaa nikiitazama ile sentensi kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Haikuwa bahati kwamba programu ya namna hiyo iliandikwa pale na wakati ule. Tarehe 22 Juni 1969 Mto Cuyahoga uliwaka moto katika mji wa Cleveland, Ohio. Mto, naam. Mafuta na takataka zilizoelea juu ya maji zilishika moto chini ya madaraja ya reli. Moto wenyewe ulizimwa chini ya nusu saa, na picha iliyouzungusha mkasa huo nchi nzima katika jarida la Time haikuwa hata ya mwaka ule. Ilikuwa ya moto mwingine wa mto huohuo, mwaka 1952. Lakini mwaka 1952 watu hawakuwa tayari kukasirika, na mwaka 1969 walikuwa tayari. Tarehe 22 Aprili 1970 ikaadhimishwa Siku ya Dunia ya kwanza, mashuleni na vyuoni hasa. Mwaka 1972 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya maji safi. Mwalimu wa sayansi wa miaka hiyo alikuwa na darasa lenye hamu na hakuwa na jaribio la kulifanyia. Mwanafunzi anaweza kuchanganya tindikali kwenye bilauri; hawezi kuua mto ili aone unakufaje. Kompyuta ilimpa mto wa kuua.

Hesabu iliyo nyuma ya mto huo ina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwaka 1925 H. W. Streeter na Earle Phelps, wa idara ya afya ya umma ya Marekani, walichapisha utafiti wao kuhusu uchafuzi wa Mto Ohio na jinsi mto unavyojisafisha. Walichokigundua kinaweza kuelezwa kama daftari la mkopo. Bakteria wanaokula uchafu wanakopa oksijeni ya majini. Hewa iliyo juu ya maji inalipa deni hilo, na kadiri deni linavyokuwa kubwa ndivyo hewa inavyolipa kwa kasi. Mto wa kasi unalipwa upesi kwa sababu maji yake yanageukageuka; bwawa lililotulia linalipwa taratibu. Ukichora oksijeni kuanzia mahali uchafu unapoingia, unapata mstari unaoinama, unafika chini, kisha unapanda tena huko mbele, kama kamba iliyolegea kati ya nguzo mbili. Mahali pa chini kabisa hapako kwenye bomba la majitaka. Pako mbele zaidi, mwendo wa siku kadhaa, mbele ya nyumba za watu wengine. Hilo ni jambo zito sana kumfundisha mtoto wa miaka kumi na tano, na halihitaji mahubiri. Linatoka lenyewe kwenye hesabu.

Katika miaka ileile mtu mwingine alikuwa anaandika daftari la mkopo la dunia nzima. Jay Forrester wa MIT, aliyekwisha kujipatia jina kwa kumbukumbu ya sumaku ya kompyuta za kwanza, alialikwa Bern mwaka 1970 kukutana na Klabu ya Roma. Akiwa ndani ya ndege akirudi kwao alichora kwenye karatasi modeli ya kwanza ya ulimwengu: watu, chakula, viwanda, maliasili, uchafuzi, na mishale ikiviunganisha. Kutoka mchoro huo kikaja kitabu chake cha 1971, na kutoka kundi la Dennis Meadows kikaja The Limits to Growth, mwaka 1972, chenye grafu ambazo takriban zote ziliishia kuanguka. Baadaye, programu ya STELLA ilipotoka mwaka 1985, ikawezekana kwa mwanafunzi kuchora mfumo kama matangi na mabomba, na modeli za namna ya Forrester zikaingia shule za sekondari za Marekani. Meadows mwenyewe alitunga mchezo wa wavuvi ambao vikundi vinanunua meli na kuvua bahari moja. Aghalabu wachezaji wanamaliza samaki, na aghalabu wanashangaa.

Lakini modeli ya dunia ilikuwa na jambo ambalo mto wa POLUT haukuwa nalo. Ilikuwa na dunia moja tu ndani yake. Mtu wa Boston na mtu wa Bukoba walijumlishwa, wakagawanywa, wakawa wastani, na wastani huo ndio uliokula chakula, ukazaa watoto na kuchafua hewa. Kundi la watafiti wa Fundación Bariloche nchini Argentina, wakiongozwa na Amílcar Herrera, lilikataa. Mwaka 1976 walitoa modeli yao wenyewe, ya kompyuta vilevile, ikiigawa dunia sehemu nne: nchi zilizoendelea, Amerika ya Kilatini, Afrika na Asia. Hawakuuliza dunia itaanguka lini. Waliuliza kama rasilimali zilizopo zinatosha kumpatia kila mtu chakula, nyumba, elimu na afya endapo jamii ingeamua hivyo. Jibu lao lilikuwa kwamba vizuizi vikubwa si vya ardhi, ni vya siasa na mgawanyo. Unaweza kuwapinga, dhana zao za usawa zilikuwa za ukarimu kupita walivyo binadamu ninaowajua. Hata hivyo walionyesha kwamba modeli inajibu swali ililoulizwa na yule aliyeijenga, kwa namba alizozichagua yeye. Kitabu cha Meadows ndicho kinachokumbukwa. Cha Bariloche sijawahi kumkuta mwalimu mwenzangu akikitaja.

Mwaka 1990 kampuni ya Maxis ilitoa SimEarth, ya Will Wright, mtu aliyekuwa amesoma kazi za Forrester kuhusu miji na kuzigeuza mchezo wa SimCity. SimEarth ilishauriwa na James Lovelock mwenyewe, na ndani yake mna Daisyworld, sayari ya maua meupe na meusi ambayo yeye na Andrew Watson waliichapisha mwaka 1983 kuonyesha jinsi viumbe wanavyoweza kutuliza joto la sayari bila kukusudia. Ni mchezo wa ajabu, wenye kitabu cha maelekezo kinene kuliko vitabu vingi vya kiada. Kwa kufundishia ni mgumu. Mambo yanabadilika mengi kwa wakati mmoja kiasi kwamba mchezaji hajui kosa lake lilikuwa lipi.

Kilichonivutia zaidi ni kile kilichofuata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mark Chandler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakifanya kazi na taasisi ya NASA ya GISS mjini New York (hadi mwaka 2025 ilikuwa ghorofani, juu ya mgahawa ambao watazamaji wa vichekesho vya Seinfeld wanaujua kwa sura), waliichukua modeli halisi ya tabianchi wakaivalisha madirisha na vitufe ili wanafunzi waiendeshe kwenye kompyuta ya kawaida. Waliita EdGCM. Hii haikuwa modeli iliyorahisishwa kwa ajili ya watoto. Ilikuwa ndiyo ileile ya miaka ya 1980 ambayo James Hansen aliitegemea alipokwenda mbele ya kamati ya Seneti tarehe 23 Juni 1988 kusema kwamba dunia imeanza kupata joto. Kazi iliyohitaji kompyuta kubwa ya taasisi sasa iliweza kuachwa ikihesabu kwenye dawati la shule baada ya watu kwenda nyumbani. Mwanafunzi anaongeza hewa ya ukaa, anafunga mlango, anarudi, anasoma ramani.

Modeli hiyo inaigawa dunia katika visanduku vya nyuzi 8 za latitudo kwa nyuzi 10 za longitudo. Karibu na ikweta, kisanduku kimoja ni kama kilometa 890 kwa 1,100. Chukua atlasi upime. Tanzania, kutoka Kagera hadi Ruvuma na kutoka Kigoma hadi Mtwara, haijazi vizuri visanduku viwili. Ndani ya kisanduku hakuna mahali, kuna wastani. Kilimanjaro yenye mita 5,895 inasawazishwa na mbuga zinazoizunguka mpaka inakuwa mwinuko mdogo usiomzuia hata wingu. Ziwa Victoria linakuwa asilimia fulani ya unyevu. Kwa joto la dunia nzima makadirio hayo yanatosha, na yalitosha. Kwa mtu anayetaka kujua mvua za vuli zitakuwaje Misungwi, ni sawa na kutafuta nyumba ya shangazi kwa kutumia tufe la mezani. Wanasayansi waliojenga modeli walilijua hilo vizuri na walilisema. Ni sisi walimu tunaopenda kusahau, kwa sababu ramani ya rangi inavutia na kipindi ni dakika arobaini.

Nimefundisha jiografia Mwanza kwa miaka mingi, zaidi katika shule zisizokuwa na maabara ya kompyuta, au zenye maabara yenye kufuli. Kwa hiyo POLUT yangu ya darasani niliendesha kwa chaki. Kidato cha tatu, wanafunzi hamsini na kitu, madirisha wazi. Niliwaambia: ninyi ndio mashine. Safu ya kwanza wanashika uchafu, safu ya pili wanashika oksijeni, safu ya nyuma ni waamuzi.

Kwanza tulitafuta ziwa linaanza na kiasi gani. Maji ya baridi ya nyuzi 10, usawa wa bahari, yanaweza kushika miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita. Maji ya nyuzi 25 yanashika 8.3 tu. Na Mwanza iko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi zaidi, kwa hiyo ziwa letu linaanza na 7.2 hivi, likiwa safi kabisa. Namba nyingine nilizichagua mimi kwa urahisi wa kichwa: kila siku tunamwaga uchafu 3, bakteria wanakula theluthi moja kasoro kidogo, yaani 0.3 ya uchafu wote uliopo, na hewa inalipa 0.4 ya deni la jana.

Siku ya kwanza, oksijeni 6.3. Siku ya pili, 5.13. Msichana wa safu ya pili akasema tumepona. Siku ya tatu, 3.99. Darasa likaguna.

Kisha tukarudia kwa maji ya baridi ya nchi za kaskazini, yanayoanza na 11.3, tukimwaga kiasi kilekile. Siku ya tatu wao bado wana 8.1. Waliendelea kuhesabu, wakipokezana chaki, hadi siku ya nane ndipo wakafika 4.78. Siku tatu kwetu, siku nane kwao, na hapo tumewapendelea waliokuwa na joto, maana kwenye baridi bakteria nao wanakula taratibu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake. Mto Mirongo unapita katikati ya mji wetu ukiwa na rangi ambayo kila mmoja darasani aliijua, na unaishia ziwani.

Nilikuwa nimeridhika. Nikaandika ubaoni, kwa herufi kubwa kama teletaipu, kwamba siku ya tatu samaki wanaanza kufa.

Mkono ukainuka nyuma, kwa waamuzi. Binti ambaye baba yake anavua upande wa Igombe, asiyesema sana.

“Mwalimu, samaki gani?”

Nikasema samaki, kwa ujumla.

“Kamongo hafi,” akasema. “Kamongo anapanda juu anavuta hewa. Hata ukimweka kwenye ndoo.”

Darasa likacheka, kisha likaanza kuongea lote kwa pamoja, na Kiingereza cha kipindi kikaondoka dirishani. Kambare naye anavuta hewa. Sangara ndiye anayekufa kwanza, akasema mwingine. Upepo wa kusi ukigeuza maji ya chini, ni sangara wakubwa wanaokutwa wanaelea. Furu wanajificha kwenye mafunjo, ambako maji yananuka na sangara hawezi kuwafuata. Huyu wa mwisho alikuwa anasema, bila kujua, jambo ambalo watafiti wa ziwa letu wamelithibitisha: tangu sangara aingizwe ziwani miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, akala furu mpaka aina nyingi zikatoweka, baadhi ya walionusurika walinusurika kwenye vinamasi vya mafunjo, katika maji yenye oksijeni kidogo ambayo adui yao hawezi kuyavumilia. Uhaba uleule unaoua huku, huku unaficha.

Nilisimama na chaki mkononi. Ile tano niliyoibeba kutoka Brooklyn ilikuwa namba nzuri kwa samaki waliokuwa vichwani mwa watu wa Brooklyn, samaki wa maji baridi wanaopendwa na wavuvi wa starehe. Haikuwa uongo. Ilikuwa kisanduku kingine, na ndani yake kamongo alikuwa amesawazishwa pamoja na sangara kama mlima na mbuga. Mimi ndiye niliyeiandika ubaoni bila kuuliza, mimi niliyekuwa nimewasimulia walimu wenzangu habari za Bariloche.

Kengele ya kipindi ilikuwa imekwisha kulia. Nilimpa yule binti chaki. Alifuta sentensi yangu, akachora safu tano: sangara, sato, dagaa, furu, kamongo. Wenzake wakaanza kubishana juu ya namba ya kila mmoja, na kwa sehemu kubwa hatukuwa nazo. Tuliafikiana sangara apewe kubwa na furu wa mafunjo apewe ndogo, tukaacha alama za kuuliza kwa sato na dagaa hadi watakapowauliza wazee wao. Kwenye safu ya kamongo aliandika sifuri. Akaitazama, akaifuta kwa kiganja, akaweka kistari.